Bastola ya Sabuni

Kissa hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, mwenye sauti nyororo aliyoinolea kwenye kwaya ya Kimoraviani kule Tukuyu, na hata jina lake kwa Kinyakyusa maana yake ni huruma. Ungekutana naye Guangzhou mwaka ule wa 2007, anatoka kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road, kilemba kimelegea na mfuko wa sampuli umemlemea bega, ungempisha kwa heshima kama unavyompisha mama yeyote. Usingejua kwamba nyumbani ana leseni ya bastola. Wala usingejua kwamba asubuhi hiyo, kabla ya chai, alisimama mbele ya kioo cha chumba cha kupanga pale Sanyuanli akachomoa kipande cha sabuni kiunoni, akakielekeza ukutani, akakirudisha, akakichomoa tena.

Sabuni hiyo ina historia yake, na tusiirukie.

Mume wa Kissa alikuwa akipeleka mahindi Tunduma. Alipofariki alimwachia duka la nguo Mwanjelwa, Mbeya, na mtoto mmoja, Emmanueli, ambaye kila mtu anamwita Ima. Alimwachia pia bastola kubwa nyeusi. Kissa alifuata taratibu zote, akaenda serikali ya mtaa, akaenda polisi, akaulizwa maswali hata yasiyomhusu, mpaka silaha ikaandikwa kwa jina lake. Akatafuta na mwalimu. Huyu alikuwa Afande Jovitus, sajini mstaafu wa jeshi, Mhaya aliyeoa Mbeya na kusahau njia ya kurudi Bukoba. Afande akamfundisha kulenga shabaha, akamsifu, akamwambia afanye mazoezi kila siku hata bila risasi. Kissa akaitikia ndiyo Afande, ndiyo Afande, kisha akaiweka bastola kabatini chini ya vitenge. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa. Ikakaa humo kama vyombo vya wageni, ipo lakini haitumiki.

Basi siku moja mchana kweupe wezi wakaingia dukani Mwanjelwa. Walikuwa na mapanga. Wifi yake, Rozina, ndiye aliyekuwa kaunta, naye alichelewa kidogo kufungua droo. Akapigwa bapa la panga sikioni. Wezi wakaondoka na pesa, na Rozina akaondokewa na sikio la kushoto. Lipo, anavaa hereni kama kawaida, lakini halisikii kitu mpaka leo. Kissa alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, mikono juu, na bastola yake ikiwa nyumbani inalinda vitenge.

Rozina hakuwahi kumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma Kissa kuliko yote, maana mtu akikulaumu utajitetea. Asipokulaumu, utajitetea kwa nani? Akaapa moyoni kwamba safari nyingine, kama ipo, haitamkuta mikono mitupu. Rozina hatapigwa tena mbele yake.

Afande Jovitus alimsikiliza akacheka bila kumdharau. "Mama Ima," alisema, "bastola nzuri ni ile uliyo nayo siku ya siku. Hiyo kubwa iache ilinde nyumba. Tafuta ya pili, ndogo, utakayoibeba bila kuilalamikia."

Kibali cha pili kikaombwa, kikapatikana kwa jasho lake. Duka la silaha Dar es Salaam likawa na mbili zinazomfaa. Moja ilikuwa rivolva fupi, tumbo limevimba kama chura aliyeshiba, nzuri kweli kweli, ina mng'ao. Nyingine ilikuwa bapa, nyeusi, haina sura. Kissa alikuwa njiani kwenda China kununua mzigo, hakuweza kuamua kwa kushika mara moja dukani. Akaomba karatasi ya kaki, akaziweka bastola zote mbili juu yake, akazichora kwa penseli kama fundi viatu anavyochora mguu. Muuza silaha akakubali kumwekea zote mpaka arudi.

Sasa, China si mahali pa kuchezea mambo hayo. Silaha kule raia haoni wala hagusi, na hata bunduki ya kuchezea inayofanana mno na ya kweli inaweza kukuingiza matatani. Kissa alilijua hilo na hakutaka kesi ya mtu. Lakini alikuwa na kitu ambacho hakuna askari duniani amewahi kukishuku: miche ya sabuni. Sabuni za unga za Guangzhou zinamchubua mikono, kwa hiyo kila safari hubeba miche ya kutoka nyumbani. Akachukua kisu cha jikoni, akafuata michoro ya kaki, akachonga rivolva ya sabuni na bapa ya sabuni. Akazificha nyuma ya sufuria ya wali. Wazo lake lilikuwa kuzifanyia mazoezi wiki zote za kununua mzigo, akitoka hapo awe ameshajua ipi ni yake.

Wazo lilikuwa zuri. Nguvu zilikuwa za soda. Siku za mwanzo alichomoa mpaka bega likamuuma. Baadaye akaanza kujiambia amechoka, jana alisimama kutwa nzima akibishania blauzi, kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Kuchomoa sabuni peke yako mbele ya kioo, hakuna anayekuona wala anayekusahihisha, kunachosha kama kuimba kwaya ya mtu mmoja. Wiki nzima ikapita sabuni ziko nyuma ya sufuria, na Kissa akaanza kuona haya kila akipakua wali.

Kumbe kulikuwa na mtu anaziona.

Chumba kile alikipanga pamoja na mwanamke wa Uvira, Kongo ya mashariki, aitwaye Mwavita, mama yake Gracia. Mwavita alikuwa mrefu, msafi kupita kiasi, aliyesomeshwa na masista kwa Kifaransa, na alikuwa akipeleka simu na nywele za bandia Bukavu. Ndiye aliyempokea Kissa uwanja wa ndege wa Baiyun safari yake ya kwanza kabisa, bila kumjua, kwa sababu tu alimsikia akiuliza njia kwa Kiswahili. Alimwonyesha pa kulala na pa kusali. Akamfundisha na maneno ya sokoni. Kissa alimshukuru Mungu kwa ajili ya Mwavita kila asubuhi, kwa jina, kati ya Ima na Rozina.

Lakini habari ya bastola hakumwambia. Mwavita alikimbia vita. Likitajwa neno bunduki hata kanisani, kwenye mahubiri, alikuwa akiinamisha kichwa na kukunja leso mpaka mhubiri abadilishe mada. Kissa akaona kunyamaza ndiyo heshima. Na Mwavita, aliyeziona zile sabuni siku ya kwanza tu alipokuwa akitafuta sufuria, naye akaona kunyamaza ndiyo heshima. Alidhani ni miguu ya mbuzi. Hata alipomwona Kissa akizichomoa mbele ya kioo, alidhani ni mila ya Wanyakyusa, ya kumkumbuka marehemu mume au kitu kama hicho, na mila ya mwenzio huiulizi.

Wangeendelea kuheshimiana hivyo mpaka mwisho wa dunia, kama si neno moja.

Kissa alitaka mkoba wa kubebea bastola ndogo. Afande alimwambia atafute wenye mfuko wa pembeni unaojitegemea, usioingia leso wala funguo wala kitu kingine chochote, mkono ukizama ukutane na kilichomo tu. Mikoba ya ngozi Sanyuanli imejaa jengo baada ya jengo. Siku ya Jumamosi akaenda na Mwavita, wakaingia duka la laobani mmoja mwanamke, maana kule mwenye duka yeyote ni laobani, mwembamba, anayetafuna mbegu za tikiti huku anaongea. Mkoba wenyewe Kissa aliuona ukutani: ngozi ya kahawia, imara, mfuko wa pembeni wenye sumaku. Akataka mfuko ule uongezwe kina. Laobani akauliza wa nini.

Kissa alikuwa ameshauandaa uwongo wake. Angesema ni wa kuwekea pesa. Pesa kwa Kichina ni *chien*, neno la kwanza ambalo mfanyabiashara hujifunza, na Kissa alikuwa akilitamka kila siku. Tatizo ni kwamba alilifundishwa na Mwavita. Na Mwavita, kwa shule yake ya masista, kila neno linaloishia na n hulipitisha puani, Kifaransa kisikauke. Kissa, sikio lake la Kiswahili likaikuta ile pua mwishoni mwa neno, likaiandika *ng'* ya ng'ombe. Akawa anasema *chiang*. Miaka miwili sokoni akisema *chiang*, na Wachina wakamvumilia, kwa sababu mtu akishika blauzi na kuuliza kiasi gani, hata akikohoa wanajua anauliza bei.

Lakini *chiang* kwa Kichina ni bunduki.

"*Chiang*," Kissa akasema kwa tabasamu, akiupigapiga mfuko wa pembeni. Laobani akaacha kutafuna. Kissa akadhani hakusikika, akasema tena kwa nguvu zaidi, "*Chiang, chiang*," na ili aeleweke vizuri akazamisha mkono kwenye mfuko na kuutoa haraka, vidole vimekunjwa vilevile alivyovizoesha kwenye sabuni.

Msichana aliyekuwa akifunga mizigo akarudi nyuma mpaka ukutani. Laobani akautazama mkono wa Kissa, akautazama uso wake wa kwaya, akaona vitu viwili hivyo haviendani. Polepole akasugua kidole gumba na cha shahada, ile ishara ya pesa isiyohitaji mkalimani. "*Chien?*" akauliza. Kisha akanyoosha kidole kama mtutu. "*Chiang?*"

Kissa akaelewa. Akasugua vidole vyake haraka, vya mikono yote miwili, kama anayeota moto.

Laobani akacheka mpaka mbegu ikampalia. Msichana akacheka, jirani wa duka la pili akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akacheka. Wakamsimamisha Kissa katikati ya mikoba wakamrudisha chekechea: *chien*, ulimi juu, *chien*. Akarudia mpaka wakampigia makofi. Mkoba akapewa kwa bei ya mwenyeji, na kina kikaongezwa palepale kwa cherehani. Kissa alitoka akiwa amelowa jasho, akimshukuru Mungu kwa jinsi watu wanavyopenda kucheka kuliko kushuku.

Mwavita peke yake hakucheka. Yeye Kichina alikielewa kuliko alivyokitamka, na aliuona ule mkono. Wakapita ofisi za mizigo na wauza mahindi ya kuchemsha. Walipofika chumbani, Mwavita akaenda moja kwa moja nyuma ya sufuria, akatoa sabuni zote mbili, akaziweka mezani.

"Mama Ima," akasema, "hii si mguu ya mbuzi."

"Si mguu wa mbuzi, Mama Gracia."

"Donc, basi, kule kwenu uko na bunduki."

"Ninayo. Ya halali. Na nataka kuongeza nyingine, ndogo." Kissa akaketi kitandani. Akamweleza yote, kabati, vitenge, panga, sikio la Rozina. "Sikukwambia kwa sababu najua ulikotoka. Sikutaka kukuumiza. Nisamehe."

Mwavita aliigeuza rivolva ya sabuni mezani kwa kidole kimoja, asitake kuishika. Kisha akaanza kusema, na hakumtazama Kissa.

"Wakati wa vita kaka yangu Stéphane alinunua bunduki. Ya kulinda nyumba. Hakuna mutu alimufundisha. Aliiweka chini ya kitanda, na sisi wote tukalala muzuri, tukasema sasa tuko salama. Siku moja mutu akapiga mulango kwa nguvu. Kulikuwa fujo muji muzima, watu banapiga kelele. Stéphane akapiga risasi kupitia mulango." Akakiondoa kidole chake kwenye sabuni. "Alikuwa Wilfried. Mudogo wetu. Alikuwa anakimbia kuja kwetu, kujificha."

Akauvuta mkono wa Mwavita akaushika.

"Stéphane hakuwa mutu mubaya," Mwavita akasema. "Alikuwa na woga, na hakuangalia. Basi. Vitu viwili tu."

Kissa akainuka. "Nitapiga simu Dar. Nitamwambia muuza silaha azirudishe zote kabatini kwake. Sinunui."

"Non. Na wezi watakuja, na utasimama tena mikono juu, na Rozina atapigwa sikio ya pili. Miye sikusema usibebe. Nasema, juu ya nini unajifunza nusu? Nakuona kila asubuhi mbele ya kioo. Unatoa, unarudisha, unatoa, unarudisha. Hauangalii kitu. Na sasa siku nyingi haufanyi hata hiyo." Akazisukuma sabuni kuelekea kwa Kissa. "Kama utaibeba, utajifunza kuona. Na miye nitakuwa mwizi."

Hivyo ndivyo mwanamke aliyekuwa akikunja leso kwa kusikia tu neno bunduki alivyogeuka kuwa mwalimu wa shabaha Sanyuanli. Mungu ana mizaha yake, na mingine ni ya neema.

Zoezi lenyewe alilibuni Mwavita. Asubuhi baada ya sala, Kissa anavaa mkoba mpya begani, sabuni imo kwenye mfuko wa pembeni, na ndani ya mkoba kuna pochi kuukuu. Mwavita anasimama mlangoni na kupiga kelele moja kati ya mbili. Akisema *chien*, mwizi anataka pesa: Kissa arushe pochi mbali na arudi nyuma. Akisema *chiang*, mwizi anataka roho: Kissa achomoe.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Kwa pua ya Mwavita maneno yote mawili yalitoka sawasawa, kama mapacha waliovishwa nguo moja. Kissa akachomoa pale alipotakiwa kurusha, akarusha pale alipotakiwa kuchomoa, na mara moja akarusha sabuni.

"Mama Gracia, sema vizuri, sisikii tofauti."

"Na mwizi atakusemea vizuri?" Mwavita akajibu. "Mwizi kinywa chake kinasema kitu chochote. Angalia mikono."

Basi Kissa akaacha kusikiliza, akaanza kutazama. Akagundua kwamba Mwavita, akitaka pesa, kiganja chake hufunguka na kunyooka mbele. Akitaka roho, mkono unapanda na kitana chake kikubwa cha mbao. Kabla ya neno kutoka, mkono umeshasema. Na Mwavita alikuwa mwizi mwenye hila; kuna siku alipiga kelele za kutoa roho huku kiganja kikiwa wazi, na Kissa akichomoa, anakemewa: "Umeua mutu mwenye njaa." Kuna siku aliweka ndoo nyuma yake, kesho yake kiti, na baada ya zoezi anauliza, "Nyuma yangu kulikuwa nini?" Kissa asipojua, wanaanza upya, chai ikipoa.

Ile nguvu ya soda ikaisha, ikaja nguvu ya ugali. Kissa hakukosa tena hata asubuhi moja, na si kwa sababu alikuwa jasiri, bali kwa sababu kuna mtu anamngoja mlangoni na kitana mkononi. Wakati mwingine walicheka mpaka mpangaji wa chini akagonga dari. Wakati mwingine Mwavita alimaliza zoezi akaenda kunawa uso na kukaa bafuni zaidi ya kawaida, naye Kissa akamsubiri na kikombe cha chai mkononi.

Uamuzi wa ipi anunue ulikuja wenyewe. Guangzhou kuna joto la kunata, na viganja vya Kissa vina jasho. Sabuni zikawa zinayeyuka kidogo kidogo kwa kushikwa. Rivolva, mwari mwenye mng'ao, ikalika upande mmoja tu, mpini wake ukabaki na alama za vidole vitatu vya Kissa. Kidole cha mwisho hakikuwa na pa kukaa, kilining'inia hewani, na kila alipochomoa kwa haraka sabuni ilimteleza. Ile bapa isiyo na sura ikalika pande zote, ikawa na kitanda cha kila kidole. Akampigia simu Afande Jovitus.

"Chukua bapa," Afande akasema. "Tena inafanya kazi kama ile kubwa yako, kifyatulio na kufuli viko mahali palepale. Mkono wenye hofu hauwezi kuongea lugha mbili. Nani anakufundisha huko, Mama Ima?"

"Mama mmoja wa Uvira, Afande."

"Aliwahi kuwa jeshini?"

"Hapana," Kissa akasema. "Aliwahi kuwa na mdogo wake."

Kissa akarudi nyumbani mzigo ulipojaa. Dar akaichukua bapa, akaacha rivolva ikimeremeta kabatini kwa muuzaji kwa ajili ya mwenye bahati yake. Mbeya akaendelea na mazoezi, mara kwa Afande uwanjani na risasi za kweli, mara nyumbani asubuhi na bastola tupu, risasi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, Rozina akisimama mlangoni na mwiko badala ya kitana. Rozina hakujua Kichina wala Kifaransa, ila mwiko alijua kuupandisha.

Miezi ikaenda. Safari nyingine ya China ikafika, na Mwavita akawa anamngoja Baiyun kama kawaida yake, kitambaa cheupe kichwani ili aonekane kwa mbali. Wakapanda basi la uwanja wa ndege, wakasimuliana habari za watoto, Gracia amefaulu, Ima amerefuka suruali zote hazimtoshi. Kissa alisubiri mpaka walipofika chumbani, viatu vimevuliwa, birika liko jikoni.

"Mama Gracia," akasema, "alikuja."

Mwavita hakuuliza nani. Alikaa kitandani, mikono magotini.

Ilikuwa jioni, Kissa akasimulia, jua linazama, anatoka dukani na mauzo. Amefika getini kwake, anagonga ili Rozina amfungulie, mtu akaruka kutoka kwenye ua wa jirani akasimama kati yake na geti. Mwanamume mzima, koti limemshinda. Anapiga kelele kwamba atamuua, atamuua sasa hivi, majirani wote wamesikia. Mkono wa Kissa ulikuwa umeshazama kwenye mfuko wa pembeni, na bapa ikawa imeshamkaa vidole vyote. Hakuwahi maishani kuwa tayari kiasi kile.

"Kinywa kilisema nini?" Mwavita akauliza polepole.

"*Chiang*. Kilisema *chiang* mara tatu."

"Na mikono?"

"Mitupu. Yote miwili. Imefunguka hivi, inatetemeka, inaomba." Kissa akafungua viganja vyake kumwonyesha. "Nikarusha pochi kule barabarani, nikarudi nyuma. Akaikimbilia. Alipotoka pale mbele yangu, ndipo nikaona."

"Nyuma yake kulikuwa nini?"

"Rozina," Kissa akasema. "Alikuwa amefungua geti. Sikio lile la kushoto ndilo lililokuwa upande wetu, na kwa sikio moja hajui kelele zinatoka wapi, alidhani ni za majirani. Alisimama palepale nyuma ya yule mtu, ufunguo mkononi, ananiuliza mbona nimechelewa."

Birika lilichemka na hakuna aliyeliendea. Kissa akasema kwamba alimkumbatia Rozina pale getini mpaka Rozina akadhani kuna msiba. Akasema usiku ule alimweleza kila kitu, kuanzia kwenye duka la mikoba, na kwamba Rozina alilitaja jina la Wilfried katika sala, jina la mtu asiyemjua, na tangu siku hiyo hulitaja kila jioni. Akasema, "Mama Gracia, mimi sina namna ya kukushukuru. Nimetafuta njia nzima kwenye ndege, sijaipata."

Mwavita alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. Akaenda akasimama mlangoni, mahali pake pa kila asubuhi, akanyoosha mkono mbele, kiganja wazi.

"*Chien*," akasema, kwa pua ileile.

Kissa aliutazama mkono kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha akainama, akafungua begi, akatoa mfuko wa kilo tano akauweka juu ya kiganja kile. Ulikuwa mchele wa Kyela, na Rozina aliupeta kwa mikono yake mwenyewe.